Kila Zama na Kitabu Chake: Udhaifu wa Jeshi la Necron katika Mchezo wa Warhammer 40,000, 2002-2011

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kila zama na kitabu chake. Aghalabu methali hii hutumiwa kuelezea mabadiliko ya tabia, siasa au mitindo ya maisha. Hata hivyo, upo uwanja mmoja ambamo maana yake ni ya moja kwa moja kabisa, nao ni michezo ya vita vya mezani. Katika michezo hiyo kila jeshi lina kitabu chake, na kitabu hicho huweza kuzeeka ilhali jeshi lenyewe lingali uwanjani. Makala haya yanadhamiria kueleza udhaifu wa jeshi moja la namna hiyo, yaani Necron wa mchezo wa Warhammer 40,000, katika kipindi cha kati ya mwaka wa 2002 na 2011. Itabainika kwamba jeshi hili lilikuwa na udhaifu wa aina mbili: ule liliozaliwa nao na ule lililoletewa na wakati. Aidha, itaonyeshwa kwamba aina ya pili ndiyo iliyolilemaza, ingawa hakuna hata neno moja la kitabu chake lililokuwa limefutwa.

Mchezo na Vitabu Vyake

Warhammer 40,000 ni mchezo wa kubuni wa vita vya siku za usoni. Ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1987 na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, ambayo makao yake makuu yako mjini Nottingham. Wachezaji wawili hukabiliana juu ya meza kwa visanamu ambavyo aghalabu wamevinunua, wakaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi kwa mikono yao wenyewe. Umbali hupimwa kwa inchi, na matokeo ya kila risasi na kila pigo huamuliwa kwa kurusha dadu.

Msomaji anayeufahamu mchezo wa bao ataona tofauti moja kubwa. Katika bao, kila mchezaji hupewa kete 32 zinazolingana na zile za mwenzake. Katika mchezo huu majeshi hayafanani kamwe. Usawa hutafutwa kwa njia ya pointi: katika kipindi kinachozungumziwa hapa kila kisanamu kilikuwa na bei yake, na wachezaji hukubaliana juu ya jumla, tuseme pointi 1,500, kisha kila mmoja hukusanya jeshi lisilozidi kiasi hicho. Haki ya mchezo mzima basi imo katika bei hizo. Bei ikiwa sahihi, mshindi ni yule aliye hodari. Bei ikikosewa, mmoja huanza mchezo akiwa ameshapunjwa.

Katika kipindi hicho bei na sifa hizo zilikuwamo katika vitabu vya aina mbili. Kwanza kuna kitabu cha kanuni kuu, kinachowahusu wachezaji wote. Pili kuna kitabu cha kila jeshi, kinachotaja askari, silaha na kanuni maalumu za jeshi hilo. Vitabu hivi havitolewi kwa pamoja, na hapo ndipo chanzo cha tatizo kilipo. Kitabu cha Necron kilitolewa mwaka wa 2002, wakati wa toleo la tatu la kanuni kuu, ambalo lilikuwa limeanza mwaka wa 1998. Toleo la nne lilitoka mwaka wa 2004 na la tano mwaka wa 2008. Kitabu kipya cha Necron hakikutolewa hadi Novemba 2011. Katika muda huo huo, Space Marines, ambao ni askari mashuhuri wa milki ya binadamu, walipata vitabu vipya viwili, mwaka wa 2004 na 2008. Necron, kwa upande wao, walipigana kwa kitabu kimoja chini ya tawala tatu.

Sifa za Jeshi

Katika hadithi ya mchezo, Necron ni kiumbe cha kale kilichoacha mwili wa nyama na kuvaa mwili wa chuma, kikalala kaburini mamilioni ya miaka, kisha kikaamka kuwaangamiza walio hai. Waandishi wa kitabu cha 2002 waliigeuza hadithi hiyo kuwa kanuni kwa ustadi mkubwa.

Askari wa kawaida wa Necron aligharimu pointi 18. Alikuwa mgumu kuuawa: kinga ya deraya yake ilimwokoa kila dadu ilipotoa 3 au zaidi, na kipimo chake cha uongozi kilikuwa 10, ambacho ndicho cha juu kabisa. Juu ya hayo, alikuwa na kanuni maarufu ya "Tutarudi". Askari aliyeangushwa hakuondolewa mezani bali alilazwa chini. Zamu ya mwenyewe ilipoanza, dadu ilirushwa, na ikitoa 4 au zaidi, askari huyo aliinuka na kuendelea kupigana.

Hesabu fupi itadhihirisha uimara huo. Askari wa Space Marines anapomfyatulia Necron risasi moja ya bunduki ya kawaida, hulenga sawa mara 2 kati ya 3. Risasi hujeruhi mara 1 kati ya 2. Deraya hushindwa kuizuia mara 1 kati ya 3. Kwa hiyo zinahitajika risasi 9, kwa wastani, kumwangusha Necron mmoja. Kwa kuwa nusu ya walioanguka huinuka, risasi 18 ndizo zinazomwondoa mmoja kabisa. Si ajabu basi kwamba wapinzani wengi, hasa wale wageni, waliliogopa jeshi hili.

Udhaifu wa Kuzaliwa Nao

Pamoja na uimara huo, waandishi waliweka mianya kwa makusudi, kwani jeshi lisilo na kasoro haliwezi kuchezwa nalo. Mianya mitatu inastahili kutajwa.

Mwanya wa kwanza ulikuwa kanuni ya kutoweka. Kwa mujibu wa hadithi, Necron wakiona wameelemewa hurejea makaburini mwao. Kwa mujibu wa kanuni, idadi ya Necron iliposhuka hadi kiasi cha robo ya waliokuwapo mwanzoni, jeshi zima lilitoweka na mwenyewe alihesabiwa kuwa ameshindwa, hata kama alikuwa akiongoza katika mambo mengine yote. Hakuna jeshi jingine lililokuwa na sharti kama hilo. Jeshi la binadamu lingeweza kubakiwa na askari mmoja aliyejificha nyuma ya kichaka na bado likashinda. Jeshi la Necron halikuwa na nafasi hiyo.

Ubaya wa kanuni hii ulizidishwa na jinsi idadi ilivyohesabiwa, kwani si kila kitu cha jeshi kilihesabika kuwa Necron. Monolith, ile ngome kubwa ya chuma inayoelea, haikuhesabiwa. Miungu ya nyota, waitwao C'tan, hawakuhesabiwa. Vidudu vya chuma viitwavyo Scarab navyo havikuhesabiwa. Hivyo mchezaji alijikuta katika mtego: kila aliponunua silaha kali zaidi, ndivyo alivyojisogeza karibu na kushindwa. Monolith mmoja aligharimu pointi 235, ambayo ni bei ya askari 13. C'tan aitwaye Nightbringer aligharimu pointi 360, ambayo ni bei ya askari 20 kamili.

Tuchukue mfano wa jeshi la pointi 1,500 lenye kiongozi mmoja wa pointi 140. Mchezaji akitumia pointi zote zilizosalia kununua askari wa kawaida, atapata 75, na pamoja na kiongozi watakuwa 76. Mpinzani atalazimika kuwaondoa takribani 57 ndipo jeshi litoweke. Lakini mchezaji akinunua Monolith watatu, atabakiwa na pointi za askari 36 tu, na pamoja na kiongozi watakuwa 37. Sasa mpinzani atahitaji kuwaondoa takribani 28. Mpinzani mwerevu hakuzigusa zile ngome hata kidogo. Aliziacha zikingurume, akawawinda askari wa miguu, na walipokwisha, ngome nazo zilitoweka pamoja nao. Mgeni aliyelitazama jeshi hilo kwa mara ya kwanza aliiona nguvu yake katika ngome. Mwenyeji wake alijua kwamba roho yake imo katika wale wadogo.

Mwanya wa pili ulikuwa masharti ya "Tutarudi" yenyewe. Askari aliyeanguka aliweza kuinuka tu iwapo mwenzake wa aina hiyo hiyo alikuwa amesimama umbali usiozidi inchi 6. Kwa sababu hiyo, mpinzani aliyejua kazi yake hakutawanya risasi zake kwa vikosi vyote. Alizielekeza zote kwa kikosi kimoja kilichojitenga hadi kikaisha, na hapo hapakuwa na wa kumwinua mwenziwe. Zaidi ya hayo, silaha zenye nguvu maradufu ya ugumu wa askari, kama vile makombora ya kuvunjia vifaru, zilimnyima haki ya kuinuka. Vivyo hivyo silaha za mkononi zinazopuuza deraya. Tiba pekee ilikuwa kifaa cha kiongozi kiitwacho Tufe la Ufufuo, ambacho kiliirejesha haki hiyo kwa waliokuwa karibu naye. Jeshi zima basi lilimtegemea mtu mmoja, nao wapinzani walilifahamu hilo.

Mwanya wa tatu, ambao ndio uliokuja kuwa jeraha, ulikuwa unyonge katika mapigano ya ana kwa ana. Kipimo cha wepesi cha askari wa Necron kilikuwa 2, ilhali cha Space Marines kilikuwa 4. Hivyo Necron alipigwa kwanza, kisha ndipo akajibu, iwapo alikuwa bado amesimama. Panga za nishati zilipita katika deraya yake kama kisu katika samli. Hesabu ya risasi 18 iliyotajwa hapo awali haikufaa tena: pigo la upanga wa namna hiyo lilifika mara 1 kati ya 2 na kujeruhi mara 1 kati ya 2, wala hapakuwa na deraya wala kuinuka. Mapigo 4 yalitosha kumwondoa Necron mmoja kabisa pale ambapo Tufe la Ufufuo halikuwapo.

Udhaifu Ulioletwa na Wakati

Chini ya toleo la tatu na la nne, mianya hiyo ilikuwa na fidia zake. Toleo la tano la mwaka wa 2008 liliziondoa fidia hizo moja baada ya nyingine.

Fidia ya kwanza ilikuwa silaha za gauss. Bunduki ya kila askari wa Necron ilikuwa na sifa ya pekee: dadu ya kupenya deraya ya gari ilipotoa 6, gari hilo lilipata angalau pigo la kuparuza, hata kama deraya yake ilikuwa nene kiasi gani. Katika toleo la nne, pigo la kuparuza lilikuwa na nafasi 1 kati ya 6 ya kuliharibu gari kabisa. Kikosi cha askari 20 waliokuwa karibu na adui kilifyatua risasi 40. Ukipiga hesabu ya kulenga, kuparuza na kuharibu, kila risasi ilikuwa na nafasi 1 kati ya 54, na risasi 40 zilikuwa tishio la kweli kwa kifaru chochote. Kwa hiyo jeshi hili halikuhitaji mizinga mingi ya kuvunjia vifaru. Kila askari alikuwa mvunja vifaru.

Toleo la tano lilibadilisha jedwali la madhara. Pigo la kuparuza sasa lilipunguziwa 2 kutoka kwa dadu, na uharibifu wa gari ulianzia 5. Dadu ya 6 ikawa 4, na 4 ilimaanisha tu kwamba gari limekwama. Ili Necron walivunje gari kwa bunduki zao, iliwabidi kwanza walinyang'anye silaha zake zote na mwendo wake, kipande kwa kipande. Katika kitabu cha Necron sentensi ya gauss ilibaki vile vile. Kilichopotea ni thamani yake.

Balaa hilo lilikuja wakati mbaya, kwa sababu majeshi mengine yalikuwa yakipanda magari. Katika kitabu cha Space Marines cha mwaka wa 2008, bei ya gari la kubebea askari liitwalo Rhino ilishuka kutoka pointi 50 hadi 35. Meza zilijaa magari. Necron hawakuwa na gari lolote la kubebea askari. Walitembea kwa miguu inchi 6 kila zamu.

Fidia ya pili ilikuwa uongozi wa 10. Katika toleo la nne, kikosi kilichoshindwa katika mapigano ya ana kwa ana kilipunguziwa uongozi kwa sababu ya kuzidiwa idadi au kupoteza nusu ya askari wake. Kikosi kikubwa cha Necron hakikuathirika sana. Toleo la tano liliamua kwamba kila tofauti ya jeraha moja kati ya mshindi na mshindwa ipunguze uongozi kwa 1. Tuchukue kikosi cha Necron kilichoshindwa kwa majeraha 4. Uongozi wake hushuka kutoka 10 hadi 6, na nafasi ya kuvunjika ari ni 21 kati ya 36. Kikivunjika, pande zote mbili hurusha dadu na kujumlisha wepesi wao. Wepesi wa 2 ukishindana na wa 4, mkimbizi hukamatwa mara 5 kati ya 6. Kikosi kilichokamatwa huondolewa chote, na toleo la tano lilitamka kwamba hakuna kinga wala kanuni maalumu inayoweza kukiokoa. "Tutarudi" haikusikilizwa.

Ukizidisha nafasi hizo mbili, utapata karibu nusu. Yaani kikosi cha askari 20 wenye thamani ya pointi 360 kiliweza kupoteza askari wachache tu katika pambano moja, kisha kikafutwa chote kwa dadu mbili. Na kwa kuwa 20 hao walihesabiwa katika ile robo ya kutoweka, pambano moja liliweza kuumaliza mchezo. Mianya mitatu iliyokuwa imetengana ikaungana kuwa shimo moja.

Fidia ya tatu ilihusu ushindi wenyewe. Kati ya misheni tatu za msingi za toleo la tano, mbili ziliamuliwa kwa kushikilia maeneo, na walioruhusiwa kuyashikilia ni vikosi vya askari wa kawaida pekee. Kitabu cha 2002 kilikuwa na aina moja tu ya askari wa kawaida, wale wa pointi 18. Wote wengine, wakiwemo Monolith na C'tan, hawakuweza kushikilia lolote. Askari wale wale wakawa ndio bunduki, ndio walinzi wa maeneo, ndio dhamana ya jeshi kutotoweka. Mzigo wa watu watatu ukabebeshwa mmoja.

Namna Wachezaji Walivyojihami

Itakuwa ni kuwapunja wachezaji wa Necron kudai kwamba walikaa wakilia. Wengi walibuni mbinu. Vidudu vya Scarab, kwa kuwa havikuhesabiwa katika kutoweka, viligeuzwa kuwa ngao: vilitangulizwa mbele vife ili askari wasifikiwe. Monolith naye alipewa kazi mpya. Lango lake liliweza kukivuta kikosi kilichonaswa katika mapigano na kukitoa salama, na walioshindwa kuinuka walipata nafasi ya pili. Hivyo ngome iliyonunuliwa kwa ajili ya kuua ikatumika kuokoa. Kiongozi aliyebeba Pazia la Giza aliweza kutoweka na kikosi chake na kuibuka upande mwingine wa meza. Wengine walitegemea Destroyers, ambao walikuwa wepesi wa mwendo, wenye mizinga ya masafa marefu, na walihesabiwa kuwa Necron.

Hata hivyo, mbinu hizi zote zilikuwa za kukimbia. Jeshi ambalo hadithi yake ilikuwa ya kifo kinachotembea polepole bila hofu lilichezwa kama jeshi la wawindaji wanaokwepa. Hapo ndipo hasara kubwa zaidi ilipokuwa. Mtu hulichagua jeshi kwa sababu ya hadithi yake, akatumia fedha na jioni nyingi kulipaka rangi. Kulibadilisha si sawa na kubadilisha karata mkononi. Kitabu kilipozeeka, aliyepata hasara si mwandishi wake bali ni yule aliyekuwa ameshika brashi.

Kitabu Kipya

Kitabu cha Novemba 2011 kilikiri makosa haya kwa vitendo. Kanuni ya kutoweka iliondolewa. Askari wa kawaida alishushwa bei hadi pointi 13, na deraya yake ikapunguzwa ili ilingane na bei hiyo. "Tutarudi" ilibadilishwa kwa kanuni nyingine ambamo askari waliinuka mwishoni mwa kila awamu, bila kungoja zamu, ingawa kwa dadu ya 5 au 6. Magari ya kubebea askari yalipatikana kwa mara ya kwanza.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi ulikuja mwaka uliofuata. Toleo la sita la mwaka wa 2012 liliamua kwamba kila gari lina idadi maalumu ya uhai, na kila pigo la kuparuza huupunguza kwa 1 hadi gari liharibike. Sifa ya gauss, iliyokuwa imehifadhiwa katika kitabu kipya, ikawa tena kitisho kwa magari. Tazama basi safari ya sifa hiyo moja: chini ya toleo la nne ilikuwa upanga, chini ya la tano ikawa fimbo, chini ya la sita ikarudi kuwa upanga.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jeshi la Necron lilikuwa na mianya mitatu ya kuzaliwa nayo: kutoweka likibakia robo, masharti ya kuinuka, na unyonge katika mapigano ya ana kwa ana. Mianya hiyo ilipimwa na kufidiwa na waandishi walioijua vyema sheria ya wakati wao. Sheria ilipobadilika, fidia zilianguka na mianya ikabaki wazi kwa muda wa miaka mitatu.

Wanafunzi wa lugha wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Neno halibebi maana yake yote peke yake. Sehemu ya maana hiyo hutokana na muktadha. Kanuni nayo ni vivyo hivyo. Anayebadilisha sheria kuu bila kuvipitia vitabu vidogo vinavyoitegemea huwa amevibadilisha vitabu hivyo pasipo kuvisoma, na anayeumia ni yule aliyeviamini. Kila zama na kitabu chake, naam. Lakini ni wajibu wa waandishi wa zama mpya kukumbuka kwamba wapo wanaoingia katika zama hizo wakiwa na kitabu cha jana mkononi.